Majibu Yaliyofichwa Chini ya Samaki

Asubuhi moja ya mwezi wa pili nilimwona mwanangu wa kiume mahali pawili kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimetoka jikoni, ambako nilimwacha amesimama na soksi zisizofanana akila chapati ya jana. Nikaingia chumbani kwake kuchukua nguo chafu, na huko pia nikamkuta. Alikuwa kwenye skrini ya kompyuta, ameketi wima, uso umeoshwa, akimsikiliza mwalimu wa sayansi na kutikisa kichwa kila baada ya muda kama mtu anayeelewa mambo.

Wakati ule shule nyingi za hapa Minnesota zilikuwa zinafundisha kwa kompyuta kwa sababu ya korona. Nilisimama na kapu la nguo mkononi nikamtazama yule wa kwenye skrini akitikisa kichwa. Akatikisa tena. Nikarudi jikoni.

"Yule kule chumbani ni nani?" nikauliza.

Akameza chapati kwanza. "Ni mimi," akasema, kwa Kiingereza. Wanangu wanakielewa Kiswahili chote, hata kile ninachonong'ona na baba yao, lakini wanajibu kwa Kiingereza. Hapa nitawaandika kwa Kiswahili ili wasipate pa kuponea.

Kumbe alikuwa amejirekodi dakika mbili akisikiliza, kisha akaiweka video ile ijirudie yenyewe mbele ya darasa. Alikuwa amehudhuria masomo hivyo kwa wiki tatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika wiki hizo hizo mwalimu wake aliniandikia kumsifu kwa usikivu wake, na barua ile niliisoma kwenye simu kwa mama yangu kule Muheza, Tanzania, kwa sauti ya kujidai, mara mbili. Dada mtu alijua siku zote. Malipo yake ya kunyamaza yalikuwa vyombo: mdogo wake alikuwa anaosha zamu zote mbili. Mimi nilikuwa nikimwona kijana kwenye sinki kila siku nikamshukuru Mungu kwamba nimelea.

Hapo ndipo nilipoamua kuwafundisha mwenyewe nyumbani. Walimu wao hawakuwa wabaya. Ila walikuwa na watoto wengi, na wangu walikuwa hodari wa kujificha katikati ya wengi. Nikafikiri, wakiwa wawili tu watajificha wapi?

Nilimweleza mume wangu jioni aliporudi kutoka bohari anakofanya kazi, kule Eagan. Akavua buti polepole, moja, kisha la pili.

"Utawafundisha sekondari nzima," akasema.

"Nzima."

"Na hesabu?"

"Na hesabu."

Akaniangalia kwa macho ya mtu ambaye amekuwa nami miaka kumi na saba na ameona nikigawa bili ya hotelini. Alikwenda kuoga, na nikamsikia akicheka humo ndani ya maji.

Sheria ya hapa inaruhusu. Unaandika barua kwa wilaya ya shule kueleza nia yako, unafundisha masomo yaliyopangwa, na mara moja kwa mwaka watoto wanafanya mtihani wa kupima. Mwezi wa tisa ulipofika, binti alikuwa anaingia darasa la kumi na kijana la tisa, na mimi nilikuwa nimeshapanga meza mbili na ubao mweupe katika besmenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba yetu ya Apple Valley, kati ya ngazi na mashine ya kufulia.

Nilianza kwa kishindo. Nilikuwa na picha moja tu ya shule kichwani mwangu, ile niliyosoma mimi, basi nikaileta nzima nzima. Saa mbili kamili nikagonga sufuria kwa mwiko. Nikawapanga mstari, nikawakagua kucha. Nikawaambia kwamba katika shule hii mwalimu akiingia darasani, wanafunzi wanasimama na kumwamkia kwa pamoja, na wanakaa wakiruhusiwa.

Walitazamana. Ningekuwa na akili, ningeshtukia kutazamana kule.

"Sawa, mwalimu," akasema binti.

Siku ile nilikuwa na nguo za wiki nzima za kufua. Nikashuka ngazi na kapu la kwanza. Viti vikaburuzwa, wakasimama wima kama askari.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Nikapanda, nikashuka kutoa nguo. "Shikamoo, mwalimu!" Nikashuka na sabuni. Nikashuka kutafuta soksi iliyopotea. Nikashuka kwa sababu mashine ilikuwa inapiga kelele. Kila mara viti vikaburuzwa, kila mara shikamoo ndefu ya kuimba, na hawakukaa mpaka niseme. Mara moja nilisahau kuwaruhusu nikaenda kupika maharage; niliporudi baada ya nusu saa niliwakuta bado wamesimama, mikono nyuma, wanatazama ukuta. Walinitii hivyo kwa siku nne. Siku ya tano nilifuta sheria mwenyewe, na nikafua nguo jioni wiki hiyo yote.

Lakini taabu yangu kubwa ilikuwa hesabu, na hapa lazima niseme kile ambacho wakati ule sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Mtihani wa kidato cha nne nilipata F ya hesabu. Si ile F ya kubahatika vibaya, ugonjwa au msiba. Ilikuwa F niliyoistahili kabisa. Masomo mengine nilifanya vizuri, na hata sasa nina kazi nzuri ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa siku za Jumamosi na Jumapili asubuhi. Ila nikiona herufi na tarakimu zimekaa pamoja kwenye mstari mmoja, kitu fulani ndani yangu kinafunga mlango.

Nilijitegemeza kwa kitabu cha majibu. Vitabu vya hesabu vya huku vina tabia moja: vinatoa majibu ya maswali ya namba witiri tu. Swali la kwanza, la tatu, la tano, unapata. La pili na la nne, mwalimu ajijue. Nilikificha kitabu kile mahali ambapo niliamini hakuna kijana wa Kimarekani atakayetia mkono wake, yaani ndani ya friza, katika mfuko, chini ya samaki wazima wenye vichwa.

Wiki mbili zikapita, wanangu wakaanza kung'ara. Nilikuwa nasahihisha madaftari nikiweka vema, vema, vema, na kwenye simu nikamwambia mama kwamba kumbe ualimu nilizaliwa nao. Kisha siku moja nikiwa naweka alama nikaona mkono wangu unacheza mchezo: vema, kosa, vema, kosa, vema, kosa. Daftari la binti hivyo, na la kijana hivyo hivyo. Maswali yote ya witiri walipata, na yote ya shufwa walikosa, bila hata mstari mmoja wa kuonyesha njia. Nikalisogeza daftari la kijana puani. Lilinuka sato.

Sikugomba. Ningegomba wangekosa raha siku moja na kesho wangetafuta njia nyingine. Nilikaa nikafikiri kama mwizi mwenzao. Sura iliyofuata ilikuwa na maswali thelathini. Nikaandika karatasi yangu ya majibu, yote thelathini, ya witiri nikiyatoa kitabuni na ya shufwa nikiyakokotoa mwenyewe kwa jasho siku mbili maktabani. Halafu nikachagua majibu kumi na kuyaharibu kwa makusudi. Nikaichapa vizuri, nikaandika juu "Majibu Kamili, ya Mwalimu Tu", nikaiweka chini ya samaki. Kitabu chenyewe nikakihamishia kwenye gari.

Nilitarajia waikopi nzima, nami niwashike na makosa kumi yaliyofanana. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba.

Siku ya tatu karatasi yangu ilirudi mezani kwangu, imekaushwa kwa taulo, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kila jibu lina alama. Kwa kila nililokosa wameandika pembeni njia yote ya kulipata, hatua kwa hatua, mwandiko wa binti hapa na wa kijana pale. Juu wameandika: kumi na nne kwa thelathini. Chini yake, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: ONGEZA BIDII.

"Mlijuaje?" nikauliza.

"Mama," akasema kijana, "swali la kwanza lilikuwa la umri wa mtu, na jibu lako ni hasi tisa."

Basi hawakujua uongo uko wapi kwingine, ikawabidi wayafanye yote thelathini ili wajue lipi la kuamini. Walikuwa wamefanya hesabu siku mbili bila kuambiwa. Walikuwa wamebishana juu ya hesabu. Nilikuwa nimesikia kelele nikadhani ni mambo ya simu. Nikajifanya nilikusudia hivyo tangu mwanzo. Nikawapongeza kwa kutambua mitego yote kumi na sita.

Kijana akapanda juu akijigamba. Binti hakuondoka. Alikuwa ameishika ile karatasi.

"Kumi na sita, Mama?"

"Ndiyo."

"Kumi naiona. Hizi kumi umezichezea, kama hasi tisa. Lakini hizi sita zingine zote ni za shufwa, na zote zimekosewa namna moja. Alama ya kutoa ikiwa nje ya mabano, unaisahau."

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Ningeweza kusema kitu cha kimwalimu. Nilikaa kwenye kiti cha mdogo wake nikamwambia habari za kidato cha nne, na ile F, na mwalimu aliyekuwa anatusomea matokeo kwa sauti mbele ya paredi, na jinsi nilivyojifunza tangu siku ile kutabasamu watu wakianza kuzungumza namba. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa nakwenda maktabani kila wiki kusoma sura moja kabla yao, na kwamba tulikuwa tunaelekea sura ambayo sitaiweza.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kukosa kukisikia kulinitoa machozi kidogo. Akavuta daftari.

"Mabano ni kama mfuko," akasema. "Ile alama ya kutoa ikishika mfuko, inashika kila kilichomo, si cha kwanza tu. Fanya hili."

Nikafanya. Nikakosa. Nikafanya tena.

"Usimwambie mdogo wako," nikasema.

"Yeye nikimwambia atanilipa nini?"

"Mimi ndiye nitakayekulipa. Nimesema usimwambie."

"Basi na mimi vyombo," akasema. Nikaosha vyombo vyake miezi miwili. Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana tulikuwa na kitu tulichokiita ukaguzi wa madaftari, na aliyekaguliwa nilikuwa mimi.

Tangu hapo shule yetu ilibadilika. Nilikuwa nimegundua kwamba wanangu hawawezi kusoma ukurasa kwa sababu mama kasema, lakini watasoma kitabu kizima ili kuthibitisha kwamba mama kasema uongo. Basi nikawa nawapa walichotaka. Historia, jiografia, afya, kila wiki niliwaandikia ukurasa mmoja wenye ukweli mtupu na uongo mmoja. Kazi yao ilikuwa kuutafuta, na kuleta ushahidi kutoka vitabu viwili tofauti. Siku za kwanza niliandika uongo wa kitoto, wakaukamata kabla sijakaa. Ikabidi na mimi nisome sana ili nidanganye vizuri. Mkutubi wa maktaba yetu akawa ananiuliza ninaandika kitabu gani. Kwenye orodha yangu ya masomo somo hili sikujua nilipe jina gani, nikaliita "Kukamata Uongo".

Mwaka wa pili wakadai haki. Kama mwalimu anaruhusiwa kudanganya, na wanafunzi waruhusiwe. Nikakubali: kila mmoja wao ataandika ripoti yenye uongo mmoja, nami nina wiki moja ya kuutafuta. Nikishindwa, hakuna shule Ijumaa.

Na hapo kijana akanipata.

Tunasali Blaine, mbali kaskazini, mwendo wa karibu saa moja kwa gari, kwa sababu huko ndiko kuna ibada ya Kiswahili Jumapili mchana. Sisi Watanzania ni wachache, Wakenya wako, na wengi ni familia za Wakongomani waliokuja kama wakimbizi. Kila mwaka kabla ya theluji mtu mmoja husimama baada ya ibada kuwaeleza wageni mambo ya baridi: buti za namna gani, kutowasha gari ndani ya gereji iliyofungwa, kutowaacha watoto wasimame juu ya barafu ya ziwa mpaka ikomae. Mwaka ule kazi hiyo walinipa mimi. Na kwa bahati nzuri, niliyoiona ni bahati nzuri, kijana alikuwa ameniandikia ripoti safi ya uraia yenye kichwa "Sheria za Majira ya Baridi".

Niliipitia haraka baina ya zamu mbili za kazini. Gari lihamishwe njia inapotakiwa kuzolewa theluji. Kioo cha mbele kisafishwe chote, si tundu la kuchungulia. Njia ya miguu mbele ya nyumba isafishwe. Na mwishoni: mtu akitoka dukani au kanisani akakuta theluji imeangukia magari, analazimika kisheria kusafisha lake na yale yaliyopakana nalo, kulia na kushoto. Nilitafuta uongo sikuuona. Nikasema labda safari hii kasahau kuuweka. Ile sheria ya mwisho niliipenda hasa. Nikasema moyoni, watu wa huku wakimya, lakini angalia walivyopanga mambo yao.

Nikasimama kanisani nikaisoma yote. Niliisoma ile ya mwisho kwa mkazo, na nikaongeza maneno yangu kidogo kuhusu upendo.

Jumapili mbili baadaye theluji ilianguka tangu asubuhi. Tulipotoka ibadani tulimkuta baba mmoja Mkongomani, aliyekuwa na miezi miwili tu nchini, yeye na mkewe na watoto wanne, wote na mifagio ya nyumbani. Walikuwa wameshasafisha gari lao. Walikuwa wameshasafisha la kulia na la kushoto. Lakini baba yule alikuwa mtu wa kufikiri, akaona kwamba wenye magari yale nao watadaiwa magari yaliyopakana nao, basi ili kuwasaidia akaendelea na hayo pia, na familia yake ikaendelea mstari mzima mpaka ukutani. Watu walikuwa wamesimama mlangoni wakishangaa, kisha wakaenda kumpa mkono mmoja mmoja. Mama mmoja Mkenya alifuta machozi. Mimi nilishuka ngazi za kanisa kama mtu aliyeleta jambo.

Njiani kurudi, kijana alikuwa amefunika uso kwa kofia ya koti na mabega yanamtikisika. Nikamnong'oneza mume wangu kwamba mtoto ameguswa. Ndipo binti, aliyekuwa ameuma skafu yake tangu Blaine, akaiachia, akacheka mpaka akakosa pumzi. Tulikuwa tumeshavuka mto kabla sijapata maelezo kamili.

"Ulikuwa na wiki nzima," akasema kijana, alipoweza kusema. "Na Ijumaa ilikuwa yangu. Nilingoja useme umeshindwa, hukusema."

"Na kanisani uliponisikia nikisoma?"

"Hapo ningesema," akasema polepole. "Lakini ulikuwa unasoma vizuri sana."

Baba yake hakucheka safari hiyo. Alisema neno moja tu, kwamba yule mzee amewatoa watoto wake nje kwenye baridi kwa ajili ya mchezo wetu. Nilijua kwamba maneno yale yalikuwa yanamwangukia kijana, lakini yalikuwa yananiangukia na mimi, kwa kuwa niliyesimama mbele za watu nikathibitisha nilikuwa mimi, na shule ya kukamata uongo ilikuwa yangu.

Jumapili iliyofuata tulisimama wote wawili. Nilisema kosa langu kwanza. Kisha kijana akasogea mbele. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiswahili mbele ya watu zaidi ya shikamoo. Alikuwa amekaa na dada yake wiki nzima akijifunza sentensi zake.

"Ile sheria ya magari ya jirani haipo," akasema. "Niliitunga mimi. Nilimdanganya mama yangu, na mama yangu akawadanganya ninyi. Naomba mnisamehe. Hasa wewe, mzee, na watoto wako."

Yule baba Mkongomani akainuka kitini, mrefu, koti la kuazima limemfupia mikono.

"Sheria haiko?" akauliza.

"Haipo, mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akafikiri. "Sasa wale watu walinipa mkono siku ile, wote, walijua haiko?"

"Walijua," akasema kijana.

Mzee akageuka kuwatazama watu, akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, na mkewe akamfuata, kisha kanisa zima. "Mimi nilisema, hii inchi ni kali sana," akasema alipotulia, "hata theluji ya mwenzako wanakufunga! Ni nzuri, mtoto wangu. Lakini ile kazi ni nzuri. Tutaifanya tu, mimi na wewe."

Na wakaifanya. Majira yale yote, kila theluji ilipoanguka Jumapili, kijana alikuwa anatoka kabla ya wimbo wa mwisho na kukutana na mzee yule nje, kila mmoja na ufagio. Mzee hakujua Kiingereza, na kijana hakuwa na Kifaransa. Wakabaki na Kiswahili. Mwezi wa tatu mwanangu alirudi nyumbani akisema "haiko" na "inchi" kama mtoto wa Bukavu, na mama yangu kwenye simu akaniuliza huyu mjukuu wangu umemzalia wapi. Sikulalamika. Alikuwa anajibu kwa Kiswahili.

Mwaka wa tatu binti akaomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Saint Paul. Walitaka hati ya matokeo yake ya sekondari, iliyotiwa saini na mkuu wa shule. Mkuu wa shule nikavaa miwani nikaandika. Nilimpa A kila somo. Akaisoma akanirudishia.

"Hakuna atakayeamini, Mama. Mama yangu ndiye mwalimu, na nina A zote? Nipe B moja."

Tukakaa mezani wote wanne kutafuta B. Baba yake alisema asiwekewe kabisa. Kijana alipendekeza mazoezi ya viungo, akitoa ushahidi kwamba dada yake anashika koleo la theluji kama anapakua aiskrimu. Ikapitishwa. Hesabu nilitaka kuipa A mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtu mwingine aliyekuwa akifundishwa naye kila Jumanne, lakini fomu haikuwa na nafasi.

Wiki chache baadaye mama mmoja wa ofisi ya udahili akanipigia simu.

"Ninaona hapa somo la miaka mitatu," akasema. "Kukamata Uongo. Unaweza kunieleza ni nini?"

Binti alikuwa mbele yangu, mikono kichwani. Nikaeleza. Nikaeleza kwamba ninawaandikia ukurasa wenye uongo mmoja, na wao wanautafuta, na kwamba mara nyingine wanapata zaidi ya mmoja kwa sababu nimekosea mwenyewe.

"Unaweza kunitumia ukurasa mmoja?" akauliza.

Nikamtumia ule wa maziwa makubwa ya maji baridi duniani. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba kwa ukubwa wa eneo Victoria ni la pili baada ya Superior, lile la kwetu hapa Minnesota, na hiyo ni kweli. Uongo ulikuwa kwamba maji ya Tanganyika yanaingia mto Nile. Kesho yake akaniandikia kwa furaha kwamba ameukamata: Victoria haliwezi kuwa la pili.

"Usimjibu," binti akasema. "Nakuomba. Mwache ashinde."

"Shule yangu haina kushinda kwa huruma."

"Mama, ni udahili!"

Nikamwandikia kwa adabu zote, nikamshukuru kwa muda wake, nikamalizia: jaribu tena. Binti hakusema nami siku nzima. Asubuhi iliyofuata jibu likaja, na safari hii alikuwa ameambatisha ramani, mto wenyewe ameuzungushia duara jekundu unavyotoka Tanganyika kwenda Kongo. Mwezi wa nne binti alikubaliwa. Sijui kama ramani ile ilihusika. Binti anasema ilihusika, baba yake anasema ni ile B.

Tulimpeleka mwisho wa mwezi wa nane. Ni mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, na tulibeba vitu kama anahamia nchi nyingine. Kwenye maegesho ya chuo alinikumbatia akaniachia daftari jembamba. Alikuwa ameniandikia maswali ya hesabu ya mwaka mzima, Jumanne moja moja, na kwenye jalada ameweka onyo kwamba baadhi yake hayana jibu. Nilimwambia asante kama mtu mzima, nikaingia kwenye gari nikakaa kiti cha nyuma, ili mume wangu asinitazame.

Jumatatu ilipofika nilishuka besmenti. Meza moja ilikuwa tupu. Kijana alikuwa ameshakaa, miguu mirefu imetokeza upande wa pili wa meza, darasa la kumi na mbili sasa, na ndevu tatu alizokuwa anazilea.

"Unajua, Mama," akasema kwa Kiswahili, "kuanzia leo mimi ni wa kwanza darasani."

"Na wa mwisho," nikasema.

Akalifikiria hilo. Kisha akasogeza kiti cha dada yake pembeni, akanyoosha miguu, akauliza leo tunaanza na uongo gani.